Kila Mto Una Kilima Chake

Je, msomaji, umewahi kujiuliza maji yanayopita chini ya daraja la Ramisi yametoka wapi? Abiria wengi wanaosafiri kwa matatu kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga huvuka mto Mkurumudzi, kisha Ramisi, bila hata kugeuza shingo. Masika mto hujaa, kiangazi hupungua, na maisha huendelea kama kawaida.

Lakini mto hauanzii pale unapouona. Una chanzo chake, mkondo wake na mwisho wake. Anayeyajua mambo hayo matatu huenda akaelewa pia kwa nini kisima chake kinakauka na kwa nini shamba lake linafurika. Hebu basi leo tufuatane na mito ya Kenya kutoka milimani hadi inakoishia, halafu turudi huku Pwani Kusini tuone sisi tumesimama wapi.

Mgongo wa paa

Fikiria paa la nyumba yako. Mvua inaponyesha, tone linaloanguka upande huu wa mgongo wa paa huteremkia barazani, na jenzake lililoanguka kando yake huteremkia uani. Yalishuka pamoja kama mapacha, lakini hayataonana tena.

Nchi yetu nayo ina mapaa yake. Makubwa ni matano: Mlima Kenya, safu ya Nyandarua (wengine huiita Aberdare), msitu wa Mau, milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Hapo ndipo inapoamuliwa ni nani atakunywa maji gani.

Chukua mfano wa Mau. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia katika mito ya Sondu na Nyando na kufika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, nchini Uganda, yakiwa mto Nile. Hupita Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi bahari ya Mediterania. Mto Mara, ambao pia ni mtoto wa Mau, hukata mbuga za Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia ziwa hilo hilo upande wa Tanzania. Lakini tone lililoanguka upande wa pili wa Mau huingia mto Molo na kuishia Ziwa Baringo, au mto Njoro na kuishia Ziwa Nakuru, au Ewaso Ng'iro ya Kusini na kuvuka mpaka hadi Ziwa Natron. Msitu ni mmoja, lakini safari ni mbalimbali.

Mabonde matano

Wataalamu wameigawa Kenya katika mabonde matano ya maji. La kwanza ni la Ziwa Victoria, lenye mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja na Mara. Eneo lake halifiki sehemu moja kwa kumi ya nchi, lakini lina takribani nusu ya maji yote ya mito na maziwa yetu.

La pili ni Bonde la Ufa. Mito ya huku haifiki baharini kamwe. Turkwel kutoka Mlima Elgon na Kerio kutoka upande wa Cherangani huishia Ziwa Turkana, ingawa sehemu kubwa zaidi ya maji ya ziwa hilo huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Malewa hushuka Nyandarua na kuishia Naivasha. Maji huingia kama yanayomiminwa ndani ya bakuli, na jua huyanyonya. Kila mama wa Pwani anajua kinachotokea maji ya bahari yakichemshwa hadi yakauke: chumvi hubaki sufuriani. Ndiyo sababu Nakuru, Bogoria na Magadi ni maziwa ya magadi. Naivasha na Baringo yameponea kwa kuwa maji yake hupenya chini ya ardhi na kutokea kwingine.

Bonde la tatu ni la Ewaso Ng'iro ya Kaskazini. Kwa ukubwa linayashinda yote, kwani linachukua zaidi ya thuluthi moja ya nchi, lakini maji yake ni haba. Mto wenyewe huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Samburu na Isiolo, na miaka mingi humezwa na kinamasi cha Lorian kabla ya kuifikia Somalia.

La nne ni la Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wa takribani kilomita 1,000. Huteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hupita Garissa, Hola na Garsen, na kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini. La tano ni la Athi, mto wenye majina matatu: huitwa Athi unakoanzia upande wa Nairobi, huitwa Galana baada ya kuungana na Tsavo, na ukikaribia bahari kaskazini mwa Malindi huitwa Sabaki.

Kama una mtoto anayesoma jiografia, mwonyeshe pia kwamba mito ina maumbo. Kutoka Mlima Kenya hushuka pande zote, kama nywele kutoka utosini. Nzoia ni kama mti: vijito ni matawi, na mto wenyewe ndio shina. Na katika Bonde la Ufa mito huelekea katikati, kwenye ziwa, kama wageni wanaozunguka sinia moja ya pilau.

Jirani usiyemjua

Wakazi wengi wa Nairobi hunywa maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika. Thika ni mmoja wa mito inayoingia Tana. Lakini maji machafu ya jiji huingia mto Nairobi, ambao humwaga katika Athi. Yaani mji mkuu hunywa kutoka bonde moja na kutapika katika bonde jingine! Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya Kiambu, Machakos na Makueni hufuata njia hiyo hiyo. Msimu wa mvua ukizuru Malindi utaona bahari ina rangi ya udongo. Mvuvi wa huko hamjui mkulima aliyelima hadi kando ya mto mamia ya kilomita kutoka kwake, lakini matope ya shamba lile anayajua vizuri.

Tana nao una hadithi yake. Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Taifa likapata umeme, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wakulima wa mpunga kwenye delta walikuwa wakitegemea mafuriko ya kila mwaka kuleta rutuba, na mafuriko hayo yakapungua. Na mto unapokosa nguvu, bahari hupanda. Maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga karibu na Kipini. Kisha mvua ikizidi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 Masinga lilipojaa na kumwaga, walio chini ndio hubeba virago kwanza.

Na sisi wa Msambweni?

Katika ramani za serikali, Kwale imewekwa katika bonde la Athi. Lakini hata tone moja la mto Athi halifiki Msambweni. Paa letu ni Shimba Hills.

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Shimba Hills ni kama mita 450 tu. Hakuna theluji huko. Kilichopo ni msitu. Upepo wenye unyevu kutoka baharini hukutana na kilima, ukungu ukatanda, mvua ikanyesha. Maji hupenya kwenye mawe ya mchanga na kutokea polepole katika chemchemi. Ya Marere ni maarufu, kwa kuwa imeinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni. Ni kutoka pande hizo za Shimba ndipo Mkurumudzi hushuka hadi kwenye ghuba ya Gazi, na Ramisi hadi upande wa Bodo na Funzi. Umba, unaoingia baharini Vanga, ni mgeni: chanzo chake ni milima ya Usambara nchini Tanzania.

Mito hii ni mifupi, na mto mfupi hauna siri. Tope la Kiambu husafiri siku nyingi kabla ya kufika Malindi. Mti ukikatwa Shimba, habari hutufikia upesi. Pasipo msitu wa kuyashika maji, yote huja kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilituonyesha jinsi mafuriko yanavyoweza kuikata Kwale. Kisha kiangazi kikija, ndoo huanza kupanga foleni.

Visima vyetu navyo havikusalimika. Chini yetu ni mchanga na matumbawe. Mvua huzama, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukipiga pampu kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima walichokinywa mababu hugeuka kuwa cha kufulia tu, tena sabuni haitoi povu.

Mikoko pia hutaka maji ya mto yachanganyike na ya bahari, na humo ndimo kaa, kamba na samaki wadogo hulelewa. Wakazi wa Gazi walilielewa hilo mapema. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, tangu mwaka 2013 wamekuwa wakilipwa kwa kuitunza mikoko inayofyonza hewa chafu ya kaboni, na baadhi ya fedha hizo zimetumika kuleta maji kijijini na kusaidia shule.

Wanaoutaka mto ni wengi. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, lakini miwa ilirudi baadaye, na miwa hunywa sana. Kampuni ya Base Titanium ilijenga bwawa kwenye Mkurumudzi kwa ajili ya kuchimba madini. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Madini yamekwisha. Swali la nani anywe kwanza halijaisha.

Mimi nifanye nini?

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya serikali." La. Kuna mengi yaliyo mikononi mwako.

Kwanza, kama shamba lako limepakana na mto, usilime hadi ukingoni. Kanuni zetu hutaka ukingo uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Acha nyasi na miti ya asili, wala usipande mikaratusi hapo, kwani hunywa maji kupita mgeni wa harusi.

Pili, vuna maji ya paa. Paa la mabati la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,200. Hiyo ni mitungi 60 ya lita 20, kwa mvua ya siku moja! Kila mtungi unaoukinga nyumbani ni mtungi ambao hukuutoa kisimani.

Tatu, jiunge na chama cha watumiaji wa maji cha mto wako. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama hivyo, na humo mkulima mdogo anaweza kukaa meza moja na mwenye kampuni wakajadili nani achote kiasi gani. Akina mama, ambao ndio wabebaji wa ndoo, wasiachwe nyuma katika vikao hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeishi chini ya Mlima Kenya akipoteza kijito kimoja, huenda akapata kingine bonde la pili. Sisi hatuna mlima wa pili nyuma ya huu. Tukimaliza msitu wa Shimba, Tana hautakuja kutuokoa, wala Athi.