Ufugaji wa mbuzi (4): Wiki nane za mwisho za mimba na saa za kwanza za mtoto

Juma lililopita tuliishia pale ambapo beberu amepanda, siku 21 zimepita, na jike hajarudi kwenye joto. Tuchukulie kwamba mimba imeshika. Mfugaji aandike tarehe ya kupandwa kwa mkaa kwenye ubao wa banda, ahesabu siku 150 mbele, kisha arudi nyuma wiki nane. Tarehe hiyo ya wiki nane ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo. Watoto wengi wa mbuzi ambao husemwa wameuawa na baridi, na kuhara au na bahati mbaya, safari yao ya kufa ilianzia hapo, kwenye hori la mama.

Katika miezi mitatu ya mwanzo mimba hukua polepole, na jike hutosheka na malisho mazuri yale yale aliyoyazoea. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito ambao mtoto atazaliwa nao huongezeka katika wiki nane za mwisho. Wakati huo huo kiwele kinajiandaa. Mahitaji yanapanda huku nafasi ya chakula ikipungua, kwa sababu mji wa mimba wenye pacha hulibana tumbo kuu, lile la kucheulia. Hata akiachwa mbele ya lundo la majani makavu, jike hawezi kula ya kumtosha. Nasikia mara kwa mara ikisemwa kwamba mbuzi hula chochote. Mpe jike mwenye mimba ya miezi minne mabua ya mahindi na matete yaliyokomaa, atajaza tumbo na bado atakuwa na njaa.

Kwa mfugaji wa Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, jambo hili lina uzito wa pekee. Huko wanafugwa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, ambao walianza kufika kwa wanakijiji mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mbuzi hao hukaa bandani, juu ya sakafu ya fito iliyoinuliwa, na chakula chao hukatwa na kubebwa hadi mlangoni. Mbuzi wa Dodoma au Shinyanga anayeachiwa porini hujitafutia majani na matunda ya migunga. Wa bandani asipoletewa hana, na anayemletea asipojua kwamba amefikia wiki nane za mwisho, ataendelea kumletea kile kile.

Basi aletewe nini? Kwanza, anayekamuliwa aachwe kukamuliwa wiki sita hadi nane kabla ya kuzaa, ili alacho kiende kwa mtoto na kwenye kiwele. Majani yawe machanga na ya aina mbalimbali: matete yaliyokatwa kabla hayajakomaa, matembele, kaliandra, glirisidia, lusina. Lusina isizidi theluthi moja ya mlo, maana ina sumu inayodhuru ikizidi. Majani ya muhogo yanyaushwe juani kwanza. Maji safi yawepo muda wote, na kama ni mbuzi wa kuchunga, asipelekwe mbali kutafuta maji katika wiki za mwisho.

Juu ya majani aongezewe chakula cha nguvu. Mchanganyiko ambao mtu anaweza kuutengeneza nyumbani ni kilo 70 za pumba za mahindi, kilo 27 za mashudu ya alizeti, kilo 2 za madini ya mifugo na kilo 1 ya chumvi. Mbuzi mkubwa wa maziwa aanze na gramu 200 kwa siku, aongezwe taratibu hadi gramu 500 anapokaribia kuzaa, nazo zigawanywe asubuhi na jioni. Mbuzi wetu wa asili, mwenye umbo dogo, atosheke na nusu ya hapo. Usiongeze ghafla, kwani pumba nyingi kwa mara moja huchachusha tumbo na zinaweza kumuua. Tena kopo la nusu kilo la mafuta ya kupikia halichukui nusu kilo ya pumba, kwa sababu pumba ni nyepesi. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, weka alama kwenye kopo, basi.

Chumvi iwe yenye madini joto. Kwenye nyanda za juu, ambako udongo umeoshwa na mvua kwa miaka mingi, mama aliyekosa madini hayo huweza kuzaa watoto dhaifu, wengine wakiwa na uvimbe shingoni, na wengine wamekufa.

Mkono hukuambia kama chakula kinatosha. Weka vidole nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya uti wa mgongo, ubonyeze. Ukigusa mifupa yenye ncha kali kana kwamba hakuna nyama juu yake, jike amekonda. Ukibonyeza na usiisikie mifupa kabisa, amenona kupita kiasi. Wote wawili wako hatarini. Mimba ya pacha inapodai sukari kuliko ile inayoingia, mwili wa mama huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe kwa haraka, na ini linashindwa kuyamudu. Damu inajaa sumu. Utamwona amejitenga na wenzake, anakataa pumba, anasaga meno, na pumzi yake ina harufu tamu isiyo ya kawaida. Siku moja au mbili baadaye hawezi kusimama. Muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo anapokataa chakula, na wakati unamsubiri mnyweshe molasi au maji ya sukari kidogo kidogo, akiwa bado anameza vizuri. Kungoja kesho hapa ni kumpoteza yeye na watoto.

Mwenye mbuzi wa kuchunga ana silaha nyingine: kalenda. Kwenye mikoa ya kati, ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, jike aliyepandwa Aprili huzaa Septemba, vichaka vikiwa vimekauka. Aliyepandwa mwishoni mwa Septemba huzaa mwishoni mwa Februari, na wiki zake nane za mwisho zinaangukia kwenye majani mabichi. Wamasai walilijua hili tangu zamani, ndiyo maana humfungia beberu kipande cha ngozi tumboni asipande nje ya msimu wanaoutaka. Wasukuma nao hutenga ngitili, malisho yanayoachwa yakue mvua zikiwepo yaliwe kiangazi. Ningependa kuona kona ya ngitili ikiachwa kwa ajili ya majike wenye mimba peke yao, ng'ombe wakae nje.

Chanjo ya pepopunda na ya sumu ya matumbo, kama inapatikana kwako, ichomwe wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, ili kinga iingie kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Kuhusu dawa ya minyoo, albendazo isitumike katika mwezi wa kwanza wa mimba, kwa kuwa inaweza kuharibu kiumbe.

Siku ikikaribia, kiwele kinajaa, nyama za pande mbili za shina la mkia zinalegea, naye anaparua sakafu kwa kwato, analala, anasimama, analala tena. Mtandikie majani makavu kwenye kona isiyo na upepo, umwache. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima bila chochote kutokeza, hapo anahitaji msaada. Kwa kawaida hutangulia kwato mbili na pua juu yake. Kondo la nyuma lisivutwe. Likipita saa 12 halijatoka, muite mtaalamu.

Mtoto akitoka, futa ute puani na mdomoni, kisha msogeze mbele ya mama amrambe. Kurambwa kunamkausha, kunaamsha damu yake, na kunamfanya mama amtambue. Chovya kitovu kizima kwenye tinkcha ya ayodini, usipake juu juu, kwa sababu kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu vinavyovimbisha viungo wiki chache baadaye.

Baada ya hapo, dang'a. Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga, kwa kuwa kondo la mama yake halipitishi kinga hiyo wakati wa mimba. Kinga yote ya mwanzo imo katika maziwa yale mazito ya manjano, na utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa saa chache tu. Uwezo huo hupungua kila saa na kufikia saa 24 umekwisha. Bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakiyaona machafu. Naomba waache. Kamua tone moja au mawili kutoka kila chuchu kuzibua njia, kisha mshikishe mtoto chuchu ndani ya saa ya kwanza. Katika siku yake ya kwanza apate sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mtoto wa kilo 2, mililita 200, nusu yake ndani ya saa sita za mwanzo. Mama akifa au akikosa maziwa, dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo itafaa, hata ya ng'ombe.

Mtoto asiyesimama, tia kidole chako mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa baridi, usimnyweshe kwanza, maana tumbo lililopoa haliwezi kumeng'enya maziwa. Mkaushe, mfunge kwenye gunia pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, umsubiri mpaka mdomo upate joto na aanze kunyonya kidole. Ndipo umpe dang'a. Na katika pacha, mtazame yule mdogo asubuhi na jioni. Mwenye tumbo lililojaa hulala amejikunja kwa utulivu; aliyesimama peke yake amepinda mgongo, tumbo limeingia ndani, ananyimwa chuchu na ndugu yake, naye ashikiwe mama kila baada ya saa chache mpaka apate nguvu ya kujitetea.

Itaendelea juma lijalo: kutoka maziwa hadi majani.