Je, Wajua? Figo Si Chujio Tu

Kunja ngumi. Figo lako moja halizidi hapo sana, na uzito wake ni gramu 150 hivi. Lakini mawili hayo huchuja lita 180 kwa siku. Hesabu mwenyewe: ndoo tisa za lita 20! Wewe unakojoa lita moja na nusu tu. Zilizobaki zote zinarudi kwenye damu.

Je, wajua kwamba figo ndilo linaloagiza damu? Oksijeni ikipungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, na uboho wa mifupa unaitika: seli nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Figo likichoka, agizo halitoki. Mvute mgonjwa kope la chini: jeupe pe, hata kama anakula maini na mchicha.

Ukipanda Iten, Kenya, mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambako oksijeni ni haba, figo lako litaongeza agizo lenyewe. Au ulidhani wakimbiaji wanaofanya mazoezi huko wamefuata mandhari?

Sasa ziba pua. Homoni hiyo ya kuagiza damu ilipatikana safi mwaka 1977, kutoka lita 2,550 za mkojo! Takaji Miyake aliukusanya Japani kwa wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu, akaukausha, akampelekea Eugene Goldwasser kule Chicago, mzigo umefungwa kwa hariri. Kilichopatikana? Miligramu 8. Ndiyo, nane.

Unaota jua upate vitamini D? Ya ngozini bado mbichi, ndugu yangu. Ini huipika nusu, figo ndilo linaloivisha.

Na ikikosa kuiva, zinaamka tezi nne za shingoni, kila moja kama punje ya mchele: paratiroidi. Kalsiamu imepungua kwenye damu, fosforasi imejaa, nazo zinakwenda kuiba kwenye mifupa, ghala la asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini. Mifupa inadhoofu, huku chokaa ikiganda kwenye mishipa ya damu. Ngozi nayo inawasha usiku kucha!

Hebu bahatisha tezi hizo zilionekana wapi kwanza. Kwa kifaru! Richard Owen alizikuta mwaka 1850 akimpasua kifaru wa India aliyefia bustani ya wanyama ya London. Za binadamu zilielezwa vizuri mwaka 1880 tu, na mwanafunzi wa udaktari wa Sweden, Ivar Sandström.

Mwenye kisukari ambaye figo linachoka anaona sukari inashuka, insulini anapunguziwa, anasema nimepona. Pole! Figo husaidia kuivunja insulini. Likifa, insulini inakawia mwilini.

Maji ya dafu, kikombe kimoja: potasiamu miligramu 600 hivi, kuipita ndizi. Kwako ni burudani. Kwa mwenye figo bovu, potasiamu ikirundikana, moyo unaweza kusimama ghafla, bila hata kuuma. Viazi je? Vikate vidogo vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji: karibu nusu ya potasiamu imekwenda nayo.

Na la mwisho, usibishe: aliyepandikizwa figo mara nyingi anatembea na mafigo matatu. Yale makongwe huachwa mgongoni yalipo; jipya linakaa chini tumboni, jirani na nyonga, na baada ya wiki chache limeshaanza kuagiza damu.