Bwana Alilipwa Fidia, Mtumwa Akaachwa Bila Shamba

Mwezi Machi mwaka 2008 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilikutana Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere na ndicho alichozikwa. Jambo zito lililokuwa mezani halikuwa la Mara wala la Ziwa. Lilikuwa la Zanzibar: je, CCM na CUF washirikiane katika serikali ya Visiwani? Mkutano uliamua kwamba wananchi wa Zanzibar waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF waliukataa uamuzi huo kwa hasira, maana wao waliona mapatano yamekwisha fikiwa. Mfanya kazi wa Musoma ana haki ya kuuliza: ugomvi wa nchi ya karafuu umefikaje katika nchi ya mtama na samaki?

Jibu laanzia katika utumwa. Na yafaa tuanze na utumwa wa huku kwetu, tusije tukajifanya watakatifu.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikwenda Tabora na Ujiji, haikupita Mara. Lakini Stanley alipofika Kageyi mwaka 1875, katika Ghuba ya Speke, ile ile inayopakana na Bunda, alimkuta huko mfanya biashara wa pwani jina lake Songoro, anaunda jahazi. Biashara ya pembe na ya watu ilikuwa imekwisha lifikia Ziwa. Tena, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ng'ombe walipokufa kwa sotoka na njaa ikafuata, ziko jamaa za Mara zilizotoa watoto wao kwa majirani wenye nafaka, ili mtoto apate kula na waliobaki wapate chakula. Tuite rehani, tuite tutakavyo, mtu alibadilishwa kwa mtama. Hata hivyo mtoto yule mara nyingi alimezwa na ukoo uliompokea. Aliolewa humo au alioa humo, akalima shamba la ukoo, na wajukuu wake hawakuwa kabila la watumwa. Sheria iliyofuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, mwaka ule ule aliozaliwa Mwalimu. Si zamani mno, ndugu.

Unguja mambo yalikuwa mengine. Huko mtumwa hakumezwa na ukoo. Alifungwa kwenye mkarafuu. Tangu Seyyid Said alipohamishia kiti chake Zanzibar kutoka Oman, mali ya nchi ilikuwa karafuu, na karafuu ilikuwa jasho la watu walioletwa kutoka bara. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Mkunazini. Utumwa wenyewe ukaendelea mashambani mpaka tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia sahihi amri ya kuufuta.

Amri hiyo yafaa isomwe polepole. Haikumwachia mtumwa huru siku ile. Ilimtaka aende mahakamani kuomba uhuru wake. Masuria waliachwa nje kabisa, na iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1909. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makao yake na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na fidia? Fidia ililipwa kwa bwana. Uingereza ilikuwa imekwisha fanya hivyo hivyo katika makoloni yake tangu mwaka 1833, ilipotenga paundi milioni 20 kwa wenye watumwa, na watumwa wenyewe wasipate hata senti.

Basi mtu huru angekwenda wapi? Wengi walibaki katika mashamba yale yale. Waliruhusiwa kupanda muhogo na viazi kati ya mikarafuu, kwa malipo ya kupalilia shamba la mwenyewe. Kupanda mti wa kudumu hawakuruhusiwa, maana mwenye mti angeweza kudai haki katika ardhi. Wakaungana nao watu wengine kutoka bara waliokuja kuchuma karafuu. Huyo ndiye skwota wa Unguja: aishi miaka 30 mahali pamoja, na asiwe na mnazi mmoja alio wake.

Siasa ilipoingia, ilikuta ufa umekwisha tengenezwa. Katika uchaguzi wa Julai 1957 skwota wengi walikipigia kura chama cha Afro-Shirazi, na baadhi ya wenye mashamba, wafuasi wa Hizbu, wakawafukuza na kung'oa mihogo yao. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakasusia maduka ya Waarabu. Watu waligawana mpaka misiba na harusi. Mwezi Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68, karibu wote Waarabu. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikapata viti 13 tu katika 31. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Maelfu waliuawa, na wengi wao hawakumiliki shamba wala mtumwa. Hilo nalo lisemwe katika ukurasa wa chama.

Pemba haikufuata mkondo huo sawasawa. Huko Wapemba wenyewe walikuwa na mikarafuu yao bega kwa bega na Waarabu, hivyo skwota walikuwa wachache, na chuki ya shamba haikuwa kali kama Unguja. Anayestaajabu kwa nini Pemba ilipiga kura yake mbali miaka yote hii, na atazame kwanza nani alimiliki mti.

Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wakulima eka tatu tatu. Hayo yangalifanywa mwaka 1897 bila kumwaga damu. Marekani nayo ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 mpaka 1865 kwa sababu ya utumwa, na ardhi waliyogawiwa baadhi ya watu walioachwa huru, Rais Andrew Johnson akairudisha kwa mabwana wa zamani. Wajukuu wao walikuwa bado wakidai haki zao miaka mia baadaye.

Vyama vingi viliporudi, ufa wa Visiwani ulikuwapo bado. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Mwezi Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba kwa risasi za dola. Na katika mikutano yetu wako waliowatisha wananchi kwamba wapinzani watamrudisha Sultani, kana kwamba mtoto wa mwaka 1980 alipata kumiliki mtumwa. Tulikuwa tunalima juu ya kaburi.

Huo ndio mzigo uliopelekwa Butiama. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Seif Sharif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakakubaliana kuzika ugomvi. Kura ile ya maoni, iliyokataliwa mwaka 2008, ikapigwa tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66.4 walisema ndiyo.