Usikaze Breki Kabla ya Kuipima Klachi

Katapila kuukuu likikataa kukata kona, mara nyingi spana ya kwanza huenda kwenye breki. Ukanda unakazwa, mashine inarudi kazini, na baada ya siku chache tatizo linarudi likiwa kubwa zaidi. Huko ni kutibu homa bila kupima damu. Breki ni nusu tu ya mfumo wa kona, na mara nyingi siyo nusu iliyoharibika.

Chukua Caterpillar D6 ya toleo la 9U, iliyotengenezwa kati ya 1947 na 1959. Haina usukani. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikafika kwenye gia kubwa ya nyuma, kisha ikagawanyika kulia na kushoto. Kila upande una klachi yake, na ngoma ya klachi hiyo imezungukwa na ukanda wa breki. Leva hukata nguvu, pedali husimamisha cheni. Kona moja basi ni kazi ya vitu viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibika: klachi yaweza kung'ang'ania isiachie au kuteleza isishike, na breki yaweza kushindwa kushika au kushika bila kuombwa.

Kutenganisha haya hakuhitaji kifaa. Tafuta uwanja tambarare, mgumu, usio na watu. Hakikisha cheni zote mbili zimekazwa sawa. Weka gia ya kwanza. Vuta leva ya kushoto bila kugusa pedali. Mashine ikiendelea kwenda moja kwa moja, klachi ya kushoto haiachii: huenda sahani zimeshikana kwa kutu baada ya kukaa muda mrefu, au viungo vya leva vimelika. Ikianza kuelea kushoto lakini pedali haiongezi kitu, hapo ndipo breki ina kesi. Kama inavuta kushoto yenyewe, leva zote zikiwa zimeachiwa, angalia inavuta lini. Ikivuta hata isipobeba kitu, breki ya kushoto inakwaruza. Ikivuta tu inaposukuma udongo, na bamba la mbele halijawekwa mshazari, klachi ya kushoto inateleza. Klachi za 9U ni kavu, kwa hiyo fungua plagi iliyo chini ya chumba cha klachi: oili ikitiririka, sili imekufa, na hakuna kukaza kutakakosaidia. Matoleo ya baadaye yenye klachi zinazofanya kazi ndani ya oili hayahukumiwi kwa dalili hii.

Wapo watakaosema kazi haingoji, na kwamba kukaza kumewahi kuwaokoa. Ni kweli kunaokoa, pale ukanda ulipolegea tu kwa kulika. Lakini ukikazwa kupita kiasi hukwaruza muda wote: injini inapambana na breki yake yenyewe, kitambaa kinaungua, na klachi iliyokuwa nzima inabebeshwa mzigo hadi ianze kuteleza. Kukifungua chumba cha klachi ni kazi ya siku kadhaa, wakati kipimo ni cha dakika chache. Wengine watasema mashine hizi hazina tena vitabu. Kitabu kinahitajika kwa vipimo vya kukazia. Kujua upande na kifaa chenye kosa, macho na mpangilio vinatosha.

Lipo pia kosa lisilo kosa. Kwenye mteremko, ukivuta leva ya kushoto bila breki, katapila laweza kukata kulia, kwa sababu cheni ya kushoto imeachiwa iteleze huku ya kulia ikizuiwa na injini. Hilo ni umbile la mashine, na opereta asiyelijua anaweza kuangukia korongoni. Afundishwe kabla fundi hajaitwa. Na fundi akiitwa, aulize kwanza klachi, ndipo aishike breki.