Chambo cha plastiki kinachomoka kwenye ndoano? Dawa hii hapa

Wadau, juzi nilikuwa Kigamboni narusha mshipi. Kisamaki changu cha plastiki laini kila nikirusha kinateleza na kujikunja kama soksi iliyovuliwa nusu. Kolekole anakuja, anakitazama, anageuka. Mpaka jua linakuwa kali, vitatu vimeshachukuliwa na maji. Jamani, hela yangu!

Kosa lilikuwa langu. Ndoano hizi zina chubwi kichwani, na chini yake kuna shingo yenye kijino. Kijino ndicho kinachoshika. Ukichomeka na kuchomoa mara kwa mara tundu linapanuka, kinakosa pa kushika.

Sasa nafanya hivi:

1. Nailaza ndoano ubavuni mwa chambo, naweka alama pale inapoanza kupinda.

2. Naingiza ncha katikati kabisa ya pua, inatokea mgongoni kwenye alama ileile. Chambo kikikaa upande kitazunguka majini na kusokota mshipi.

3. Kabla pua haijagusa chubwi, nakausha shingo, tone moja la supaglu, nasukuma mpaka mwisho, nasubiri kidogo. Angalia vidole!

Zile plastiki zinazovutika sana kama raba hazishiki gundi vizuri. Hizo nazifunga puani kwa uzi mwembamba.

Bunju akikata mkia, hapo hakuna gundi, badilisha tu. Ila mabaki usitupe baharini, rudi nayo nyumbani.

Mwenye mbinu nyingine amwage hapa, tusaidiane.