Jinsi Mwanga Unavyohesabu Rangi ya Mto Ngong

Sogeeni, wanangu wa Tassia, niwasimulie habari za mto wetu. Mto Ngong ukifika hapa Embakasi umeshapita Kibera, ukakatiza Industrial Area na Mukuru. Mbele huungana na Mto Nairobi, maji yakaingia Athi, kisha Galana na Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Rangi ikimwagwa huku kwetu, safari yake ni ndefu.

Kitambaa kinapotiwa rangi, hakiinywi yote. Nyingine hubaki majini, na maji hayo yakitupwa mtoni bila kusafishwa, huzuia jua lisifike chini. Mimea ya majini hukosa kujitengenezea chakula, oksijeni ikapungua, samaki wakakosa hewa.

Mtu akisimama ukingoni na kusema, "Haya maji ni ya buluu," mwingine atajibu, "Mimi nayaona meupe." Ubishi wa macho hauishi, na hauwezi kumshtaki mtu. Ndipo mwanga unapoitwa kutoa ushahidi.

Jua lina rangi zote za upinde wa mvua. Rangi iitwayo methilini bluu hufyonza mwanga mwekundu, hasa ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 664 hivi, na kuuacha wa buluu upite. Ule unaopita ndio tunaouona. Ule uliomezwa ndio tunaoupima.

Tazameni strungi katika gilasi. Majani yakizidi, mwanga haupenyi. Na hata strungi nyepesi huonekana nzito ikiwa katika sufuria yenye kina. Mambo mawili, basi: wingi wa rangi, na urefu wa njia ya mwanga. Mfaransa Pierre Bouguer aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1729, naye Mjerumani August Beer akaongeza habari ya wingi mwaka 1852.

Katika maabara, maji huchujwa kwanza, maana tope nalo huzuia mwanga na mashine ya kupimia ikadanganyika. Kisha hutiwa katika kichupa chenye upana wa sentimita 1 ndani ya mashine hiyo, iitwayo spektrofotomita. Mwanga ukiingia mafungu 100 yakatoka 10, ufyonzaji ni 1. Likitoka fungu 1 tu, ufyonzaji ni 2. Shikeni hapo vizuri, kwa kuwa kila hatua hupunguza mwanga mara kumi!

Mpimaji hutengeneza pia maji ya mfano yenye miligramu 1, 2 na 4 za rangi kwa lita, akachora grafu. Mstari hunyooka, na maji ya mto hupata nafasi yake hapo. Yakiwa mazito mno, huyazimua mara kumi, halafu akazidisha jibu kwa kumi.

Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya, za mwaka 2006, ziliweka mpaka wa rangi kwa maji taka yanayoachiliwa katika mazingira: vipimo 15 vya Hazen. Lakini madini ya risasi yenye sumu yakiyeyuka majini hayana rangi, kwa hiyo maji meupe msiyaamini kwa sababu ya weupe.

Mkienda mtoni na mwalimu, vaeni glavu. Tekeni maji upande wa juu wa mto, kabla ya bomba la maji taka, na upande wa chini, baada yake, saa ileile. Kipimo cha maji ya chini kikipanda ilhali cha juu ni kidogo, mwenye bomba aulizwe.