Fahamu: Haki za mfanyakazi aliyeitwa kikao cha nidhamu

Barua ya wito ikishafunguliwa, usingizi huruka. Mfanyakazi huanza kupiga hesabu za kodi ya nyumba na ada za watoto kama mtu aliyekwishafukuzwa, ilhali kikao chenyewe bado.

Tanzania Bara, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze kwanza, kisha ampe mtuhumiwa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Saa hizo ni za thamani kubwa, na inasikitisha kwamba wengi huzimaliza kwa hofu. Heri mfanyakazi aandike tukio hatua kwa hatua, pamoja na tarehe na walioshuhudia, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Na mwenza wake nyumbani aambiwe mapema.

Kikaoni anaweza kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ana haki ya kuwahoji mashahidi wa mwajiri na kuleta wake. Mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na mkasa huo. Hata mfanyakazi akikutwa na kosa, apewe nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu: miaka aliyotumikia, rekodi yake, hali iliyomfikisha hapo.

Aliyesimamishwa kupisha uchunguzi hulipwa mshahara kamili.

Hatari kubwa ni kusaini kwa woga barua ya kujiuzulu. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Akichelewa, hulazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za kuridhisha.